Mitihani Mitatu kwa Muhula: Maswali ya Mzazi wa Kaloleni Kuhusu Tathmini za Shuleni

Mzazi mwenye mtoto Gredi ya 4 hudhani ana miaka mitatu ya kupumua kabla ya mtihani wa kitaifa. Hana. Tathmini ambazo mtoto hufanyiwa darasani na mwalimu wake mwenyewe, kuanzia hiyo Gredi ya 4, ndizo zilizopangiwa kubeba asilimia 60 ya matokeo yake ya mwisho wa shule ya msingi. Mtihani wa kitaifa wa Gredi ya 6, yaani KPSEA, unabeba 40 zilizobaki. Enzi za KCPE, mtihani wa zamani wa mwisho wa shule ya msingi, hesabu ilikuwa rahisi: siku tatu, karatasi zinatoka kwenye kontena chini ya ulinzi wa polisi, na mtoto anafaulu au anaanguka. KCPE ilifanywa mara ya kwanza mwaka 1985 na mara ya mwisho 2023. Wazazi wengi wa Kaloleni, Makongeni, Mbotela na Shauri Moyo, hapa Nairobi, walisomea chini ya mfumo huo, na bado wanausoma mfumo mpya kwa miwani ya ule wa zamani.

Mtoto wangu yuko kwenye mtihani kila mara. Yote hiyo ni ya serikali?

Hapana, na hapa ndipo pa kuanzia, kwa sababu vitu vitatu tofauti vimepewa jina moja la "mtihani".

Cha kwanza ni tathmini za shuleni za Baraza la Kitaifa la Mitihani la Kenya, KNEC. Baraza huandaa kazi za kupima na miongozo ya kutoa alama, na kuziweka kwenye tovuti yake. Shule huzipakua, mwalimu wa somo huwapa wanafunzi wake, anasahihisha kwa kufuata mwongozo, kisha shule inapakia alama kwenye mfumo wa Baraza. Hizi ndizo zinazohesabiwa katika ile asilimia 60. Baadhi huandikwa kwenye karatasi, nyingine ni za kutenda: kusoma kwa sauti, kupanda mboga, kutengeneza kitu.

Cha pili ni mtihani wa kufungua muhula, wa katikati na wa kufunga. Huu haupelekwi Baraza na wala hauingii kwenye matokeo ya kitaifa. Mara nyingi shule au kundi la shule za zoni moja hununua karatasi zilizokwisha kuchapishwa na kampuni za mitihani. Ndio mtihani ambao mzazi huuona zaidi, kwa sababu ndio unaoleta ripoti nyumbani na mara nyingi ndio unaoombewa pesa.

Cha tatu hakina jina rasmi kwa mzazi. Ni maswali matano ambayo mwalimu huandika ubaoni Ijumaa ili ajue nani hajaelewa sehemu na desimali. Kwa maoni yangu hiki ndicho chenye faida kubwa kuliko vyote, na ndicho ambacho hakuna mzazi huulizia.

Nani anapanga haya yote katika eneo letu?

Shule za msingi na sekondari msingi ziko chini ya serikali kuu. Kaunti, kwa mujibu wa Katiba ya 2010, inashughulikia shule za chekechea. Kwa hiyo mwenye mtoto wa PP1 au PP2 katika kituo cha kaunti ana ofisi moja ya kwenda, na mwenye mtoto wa Gredi ya 1 kuendelea ana nyingine: ofisi ya Mkurugenzi wa Elimu wa kaunti ndogo ya Makadara. Walimu wenyewe wameajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC, ambayo pia ina maafisa wa kusaidia mtaala katika kila zoni. Walimu huwaita CSO. Wa umri wangu bado huwaita TAC tyuta. Afisa huyo anapaswa kuingia darasani, kumtazama mwalimu akifundisha na kumshauri.

Tarehe za tathmini za kitaifa huwekwa na Baraza, si Makadara. Kinachoweza kupangwa hapa mtaani ni kila kitu kingine: mitihani mingapi ya kununua, wiki ipi, masomo yapi, na kitafanywa nini na majibu.

Mitihani mingi si ni mazoezi? Ina ubaya gani?

Tufanye hesabu. Mwaka 2025 muhula wa kwanza ulikuwa wa wiki 13, wa pili wiki 14, wa tatu wiki 9. Jumla ni 36. Shule inayofanya mtihani wa kufungua, wa katikati na wa kufunga kila muhula ina mitihani 9 kwa mwaka. Chukua kwamba kila mmoja, pamoja na marudio, kufanya, kusahihisha na kurudisha karatasi, unakula wiki moja. Hizo ni wiki 9, robo ya mwaka, sawasawa na muhula wa tatu mzima. Mwalimu hapati wiki hizo za kufundisha tena.

Na hiyo ni kalenda isiyoguswa na chochote. Mwaka 2024 muhula wa pili ulikuwa uanze Aprili 29. Mvua zikanyesha, mafuriko yakavamia sehemu nyingi za Nairobi zikiwemo kingo za Mukuru, na shule zikafunguliwa Mei 13. Walimu wanagenzi wa sekondari msingi nao wakagoma. Mpango ulioandikwa Januari bila nafasi ya kupumulia ulivunjika kabla ya Juni. Shule zenye busara zilifuta mtihani wa kufungua muhula na kuingia moja kwa moja kwenye masomo. Nyingine zilifanya mtihani huo huo, zikiwapima watoto mambo ambayo hawakuwa wamefundishwa.

Tatizo kubwa zaidi, hata hivyo, si idadi. Ni kwamba mtihani wa kununua mara nyingi haulingani na alipofika mwalimu. Kampuni huchapisha karatasi moja kwa shule nyingi. Mwalimu wako yuko mada ya nne, karatasi inauliza ya saba. Mtoto anapata 38, mzazi anakasirika, na hakuna mtu aliyejua chochote kipya kuhusu mtoto.

Wamarekani wamepitia haya kwa kiwango kikubwa. Sheria yao ya mwaka 2002 iliyodai kila mtoto wa darasa la 3 hadi la 8 apimwe kusoma na hesabu kila mwaka ilizifanya wilaya za elimu zinunue mitihani ya katikati kwa wingi, ili zijue mapema nani ataanguka. Takwimu zikajaa makabatini. Walimu wengi walizipokea baada ya somo kupita, wakiwa wamekwisha kuhamia mada nyingine. Kasoro ile ile tunaijenga hapa kwa mikono yetu, tena bila bajeti yao.

Basi mpango mzuri unaonekanaje?

Unaanzia mwisho. Wanaokaa kupanga, yaani mwalimu mkuu, walimu wa somo na afisa wa zoni, wasianze kwa kuuliza "mtihani uwe lini?" Waulize "wiki ya kufundisha upya iwe lini?" Wakishaipata hiyo na kuilinda kwenye ratiba, wahesabu kurudi nyuma: siku mbili za kusahihisha, siku moja ya kupima. Mtihani wa katikati unaofanywa siku mbili kabla ya likizo fupi ya katikati ya muhula ni karatasi za kuwapa wazazi tu. Watoto wanarudi Jumatatu na mada mpya inaanza.

Pia unapima kidogo. Kwa Gredi ya 1 hadi ya 3 sioni sababu ya kupima zaidi ya kusoma na hesabu katikati ya muhula. Kwa nini kusoma? Mwaka 2009 mradi wa Uwezo ulianza kupita nyumba kwa nyumba Kenya, Tanzania na Uganda, kwa mtindo uliobuniwa India, ukiwapa watoto maandishi na hesabu za kiwango cha darasa la pili. Moja ya matokeo yaliyotikisa Kenya ni kwamba katika kila watoto 10 wa darasa la 3, ni 3 tu walioweza kazi ya darasa la 2. Watoto hao walikuwa wamefanya mitihani ya muhula kama kawaida. Ripoti zao zilikuwa na namba, sahihi na muhuri. Hakuna aliyekuwa amewaketisha mmoja mmoja na kuwaambia, "Nisomee hapa."

Mfano mwingine ni wetu wenyewe. Mradi wa Tusome ulipoenea nchi nzima kuanzia 2015, kila mtoto wa darasa la 1 na la 2 alipata kitabu chake, na maafisa wa zoni walipewa tabuleti. Afisa alikuwa akiingia darasani, anatazama somo, kisha anachagua wanafunzi wachache bila mpangilio wasome kwa sauti huku akihesabu maneno kwa dakika. Mwalimu aliambiwa hapo hapo alichofanya vizuri na cha kubadilisha. Hiyo ilikuwa tathmini ya katikati iliyopangwa kwa kaunti ndogo nzima, na haikuhitaji darasa lote liinamie karatasi asubuhi nzima.

Jambo la tatu katika mpango ni kinachoandikwa kwenye karatasi ya mtoto. Mtafiti Ruth Butler alichapisha mwaka 1988 jaribio alilofanya kwa wanafunzi huko Israeli. Kundi moja lilipewa alama tupu, la pili maoni tu ya mwalimu, la tatu alama pamoja na maoni. Waliopewa maoni tu ndio waliofanya vizuri zaidi baadaye. Waliopewa vyote viwili hawakupiga hatua kama hiyo. Alama iliwameza wakaacha kusoma maoni. Mwalimu mwenye wanafunzi 60 hawezi kuandika maoni 60 kwa kila somo, hilo tunalijua. Lakini anaweza kuandika makosa matatu yaliyojirudia darasani na kuyafundisha upya kwa wote. Hiyo inahitaji chaki na kipindi kimoja.

Ripoti inasema mtoto "anakaribia matarajio". Ni wa ngapi?

Si wa ngapi. Mtaala mpya hauna namba moja wala namba ya mwisho. Viwango ni vinne: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, na kuwa mbali na matarajio. Kwenye ripoti utaona herufi EE, ME, AE na BE. Katika mtihani wa Gredi ya 9, KJSEA, uliofanywa kwa mara ya kwanza 2025, kila kiwango kimegawanywa mara mbili, hivyo vinakuwa viwango 8 na pointi kutoka 8 hadi 1.

Mtoto mwenye AE katika hesabu anajua baadhi ya mambo na hajui mengine. Swali la kumuuliza mwalimu ni "ni yapi?" Mwalimu akikujibu "aongeze bidii", hajakujibu. Akikujibu "anajumlisha vizuri lakini akikopa kwenye kutoa anapotea", hapo una kazi ya kufanya jioni.

Na usimchape kwa sababu ya AE. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya viboko shuleni. Nyumbani, sijawahi kuona fimbo ikimfundisha mtu kukopa.

KPSEA haimzuii mtoto kwenda Gredi ya 7. Basi kwa nini nihangaike?

Ni kweli haimzuii. Lakini haipotei. Katika kuamua matokeo ya Gredi ya 9, KPSEA inachukua asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 zinachukua 20 nyingine, na mtihani wenyewe wa KJSEA 60. Matokeo hayo ndiyo yanayotumiwa kumpangia mtoto mkondo na shule ya sekondari ya juu: sayansi, teknolojia na hisabati; sayansi za jamii; au sanaa na michezo. Kwa hiyo zile tathmini za shuleni ambazo mtoto alikosa kwa sababu mlikuwa mazishini mashambani zina mkono mrefu kuliko zinavyoonekana. Kama kuna msiba au ugonjwa, mjulishe mwalimu mapema na uulize ni lini mtoto atapewa nafasi ya kufanya kazi aliyoikosa kabla shule haijapakia alama.

Naambiwa nitoe pesa za mtihani. Ni lazima?

Tathmini za Baraza za shuleni hazina ada kwa mzazi. Mitihani ya kununua ndiyo inayoleta mchango, na kuhusu michango ya shule za umma sheria hiyo ya 2013 iko wazi: hakuna karo ya masomo, mchango mwingine wowote lazima uidhinishwe na Waziri kwa kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, hakuna mtoto atakayekatazwa kuhudhuria shule kwa kushindwa kuutoa, na asiwepo mtu anayepokea pesa bila kutoa risiti rasmi. Ukitumiwa namba ya simu ya mtu binafsi ulipe hapo, omba risiti ya shule kwanza.

Shule za watu binafsi, zikiwemo zile ndogo za Mukuru na kandokando ya reli, zina ada zao na mkataba wenu ndio unaotawala. Hata huko una haki ya kuuliza karatasi zinanunuliwa wapi na kwa nini mara tatu.

Na hizi kazi za miradi? Tunatoa wapi shamba Kaloleni?

Mwaka 2021 nchi nzima ilicheka, na wengine kulia, wazazi walipokesha wakishona sanamu za kutishia ndege kwa nguo kuukuu. Mengi ya yale yalikuwa kazi ya mzazi na si ya mtoto, na mwalimu aliyeyapa alama alimpima mama.

Mtaala unataka vifaa vinavyopatikana mahali mtoto alipo. Kaloleni, kusema kweli, ina bahati kuliko mitaa mingi ya Eastlands. Nyumba zake za miaka ya 1940 ni za chini, si ghorofa, zimepangwa kuzunguka viwanja vya wazi. Sukuma wiki kwenye gunia au mchicha kwenye debe lililokatwa inatosha kwa mradi wa kilimo. Anayeishi ghorofani Umoja ana kibaraza na chupa ya plastiki. Mwalimu anapaswa kutazama hatua kwa hatua: mtoto alipanda lini, alimwagilia vipi, alinakili nini kwenye daftari. Ukitakiwa kununua mradi uliokamilika, kataa kwa adabu: "Mwalimu, mtoto atafanya kwa alichonacho, tafadhali mtazame akifanya."

Tunamhamishia mtoto kwa nyanya yake Siaya. Alama zake zitamfuata?

Zinafuata namba yake ya tathmini, si jina la shule. Kila mwanafunzi husajiliwa na Baraza, na alama zikishapakiwa zinakaa hapo. Hatari iko kwenye zile ambazo hazijapakiwa. Kabla ya kuondoka, nenda ofisini, omba namba hiyo iandikwe kwenye karatasi, na uulize kama alama za tathmini ya mwisho zimeingia kwenye mfumo. Hakikisha pia shule imemwachilia kwenye mfumo wa usajili wa Wizara, la sivyo shule mpya haitaweza kumpokea humo. Familia za Eastlands huhamisha watoto katikati ya mwaka kila kodi inapopanda, na hapa ndipo nyingi hupoteza rekodi.

Mtoto wangu ana ulemavu wa kujifunza. Naye anapimwa hivyo hivyo?

Si lazima. Baraza lina tathmini tofauti kwa wanafunzi wanaofuata njia ya hatua, yaani wasiofuata mtaala wa kawaida kwa umri, na marekebisho kwa wengine kama vile maandishi makubwa, breli au muda wa ziada. Mlango wa kuingilia ni kituo cha elimu cha kutathmini ulemavu, EARC. Anza mapema, marekebisho hupangwa wakati wa usajili, hayatolewi asubuhi ya mtihani.

Mimi mwenyewe naweza kumpima?

Unaweza, kwa dakika kumi. Chukua kitabu cha Kiswahili cha darasa alilotoka, si alilopo. Fungua ukurasa ambao hajaukariri. Asome aya moja kwa sauti, kisha akueleze kwa maneno yake kilichotokea. Akisoma neno kwa neno kwa kusitasita, au akisoma vizuri asijue alichosoma, una habari ambayo ripoti ya muhula haikukupa. Mpelekee mwalimu habari hiyo, si lawama.

Kama nyumbani hakuna vitabu wala utulivu, Maktaba ya Kaloleni iko hapo mtaani. Ni tawi la Maktaba ya McMillan, na ilikarabatiwa, pamoja na tawi la Makadara, na Book Bunk, shirika lililoanzishwa 2017 na Wanjirũ Koinange na Angela Wachuka. Ina sehemu ya watoto. Jumamosi moja humo inampa mtoto mazoezi mengi zaidi ya kusoma kuliko karatasi ya maswali ya kuchagua herufi.

Nikiona mambo hayaendi, niende wapi?

Anza na mwalimu wa darasa, halafu mwalimu mkuu. Ukiwa na swali la ratiba ya mitihani au michango, lipeleke kwa Bodi ya Usimamizi ya shule. Wazazi wana wawakilishi humo, na majina yao yanapaswa kujulikana. Mkutano wa wazazi wa Januari ndio wakati wa kuuliza ni mitihani mingapi imepangwa mwaka huu na wiki ya kufundisha upya iko wapi kwenye ratiba. Ukiuliza mwezi wa saba, karatasi zimekwisha kulipiwa. Bodi isiposikia, andika barua kwa Mkurugenzi wa Elimu wa kaunti ndogo, weka nakala ya risiti na ya ripoti ya mtoto, na ubaki na nakala yako iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.